Saini Thelathini na Nane

Saa saba mchana halmashauri ilikataa saini thelathini na nane, na dirisha la kupokea maombi lilikuwa linafungwa saa kumi. Bila hizo ombi lisingetimiza mia mbili, na bila ombi, basi la abiria lisingefika mwaka huu mtaa wa Waroma, jamii ya wachache hapa Bulgaria. Sevda alikuwa akienda sekondari kwa miguu, kilomita sita. Wenzake watatu walishaacha shule.

Fomu alizishika Sevda, lakini karani, Bi Peneva, alimweleza Ralitsa, rafiki Mbulgaria wa Sevda. Ndiyo tabia yake: Mroma akiuliza, anajibiwa Mbulgaria. Alisema majina hayalingani na vitambulisho.

Kosa lilikuwa la Sevda na alijilaumu njia nzima. Kwao kila mtu ana jina la nyumbani na jina la serikali, na hilo la serikali hutolewa kabatini siku ya polisi au hospitali. Watu waliandika wanavyoitwa. Jamani, nani mtaani anamjua Asen Mihaylov? Huyo ni Bako, fundi mabati.

Wakaanza upya, mlango kwa mlango. Mama mmoja hakukumbuka kitambulisho alikiweka wapi. Mwingine alidhani ni uchaguzi, akauliza safari hii wanagawa nini. Sevda akacheka. Saba kati ya wale thelathini na nane walishaondoka kwenda kuchuma machungwa Ugiriki.

Kuziba nafasi zao, Ralitsa akampeleka uwanja wa mpira, kwa wanafunzi wenzao Wabulgaria. Plamen, golikipa, akakunja mikono.

"Nitie saini ya basi nisilopanda?"

"Utalipanda," Sevda akamwambia. "Siku mkija kufungwa kwetu."

Wachezaji wenzake wakamzomea Plamen kwa kicheko, naye akawa wa kwanza kuchukua kalamu.

Walifika dirishani zimebaki dakika sita. Bi Peneva alihesabu mara mbili, akagonga muhuri.

Karani akachukua kitabu cha stakabadhi, akamuuliza Ralitsa aandike jina la nani. Ralitsa akatia mikono mfukoni.

"Mwenye ombi ni huyu, mama. Muulize mwenyewe."

Kalamu ikasimama. Foleni nyuma yao ikaanza kuguna. Mwishowe Bi Peneva akamgeukia Sevda, mara ya kwanza siku hiyo, akamuuliza anaitwa nani.

Sevda akamtajia majina yake yote matatu, polepole, akasimama palepale mpaka yakaandikwa.