Pembe za Shuka

Ilikuwa siku ya nne tangu mkono uungue, na mpiga pasi alikuwa bado anauficha. Aliuvika glavu ya mpira, akacheka walipocheka wenzake, na mashuka akayakunja kwa mkono wa kushoto kama mtoto anayejifunza kula.

Kiwanda kile kilifua mashuka ya hoteli tano. Walikuwa wanawake kumi na mmoja, wote wametoka mbali, na pasipoti zao zote zilikuwa zimefungiwa kwenye droo ya msimamizi. Alizikusanya siku ya kwanza, eti zisipotee. Ukiomba yako, jibu ni moja: kesho. Wakambandika jina, Bwana Kesho.

Asubuhi ile Bwana Kesho alimsogelea mpiga pasi. "Saa nane uje ofisini utie saini karatasi hii. Usipotia, ndege ya kwenu ipo."

Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kule ugenini. Yeye alijua maneno yake matatu tu: haraka, basi, asante.

Kuongea kazini kulikuwa marufuku. Lakini shuka pana halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika pembe, hurudi nyuma kulivuta, kisha husogeleana kuunganisha pembe. Hapo vichwa hukaribiana kwa pumzi moja, na pumzi moja yatosha sentensi. Wenye viwanda wamekuwa wakihesabu midomo iliyofungwa miaka nenda miaka rudi, wala hawajawahi kukunja hata leso.

Mwenzake wa shuka alikuwa mwanamke mtu mzima. Wote walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na ndugu pale.

"Pembe zako zinapishana tangu juzi," Shangazi alisema walipokutana. "Una nini?"

Wakarudi nyuma. Wakasogeleana.

"Sina kitu, Shangazi."

"Mwanangu, nimezeeka, sijapofuka."

Wakakunja shuka la pili. Kwenye la tatu mpiga pasi alinong'ona, "Mashine ya kunyoosha ilinishika mkono. Ameniita nitie saini."

Shangazi alisahau kurudi nyuma. "Usitie. Karatasi hiyo inasema uliungua kwako, ukipika."

"Umejuaje?"

"Nilitia." Alilivuta shuka kwa nguvu, akarudi nalo. "Nesi wa hospitali alikuja kunisomea nakala, maji yameshamwagika. Miaka miwili sijamwambia mtu. Mtu mzima mzima, kuweka jina nisipopajua!"

Mpiga pasi alidhani siri ikitoka kifua kitapoa. Wapi! Sasa aliijua sura ya kile anachokiogopa, na kilikuwa kikubwa zaidi.

"Badilisheni wenzi," Shangazi alisema kwa sauti, kana kwamba ni mambo ya kazi. Wakabadilishana. Shuka kwa shuka, pumzi kwa pumzi, ikatoka siri ya huyu na ya yule. Mmoja mgongo ulikuwa umevimba. Mwingine alifiwa na mama akanyimwa pasipoti asiende kuzika, akaendelea kukunja huku machozi yakilowesha pamba.

Kila mmoja akanong'onezwa: saa nane tuingie wote. Wa mwisho alikataa. "Nina watoto wanne wanakula kwa mikono hii. Msinitie humo." Hakuna aliyemlaumu. Hofu yake waliijua kwa jina.

Saa nane ilipofika, mpiga pasi aliingia ofisini. Nyuma yake wakaingia tisa.

"Nimemwita mmoja!" Bwana Kesho alifoka. "Hapa ni harusi?"

Shangazi alimgusa mwenzake kiwiko. Mpiga pasi akavua glavu polepole, ngozi ikivutika, akauweka mkono ule mbichi juu ya karatasi.

"Nisomee," alisema. "Kwa sauti. Wote tusikie."

"Tia saini!"

"Nisomee kwanza, bosi."

Bwana Kesho aliutazama mkono, akawatazama wote, akanyakua simu. Alizungumza kwa lugha ya kule, haraka haraka. Hakuna aliyeelewa kama anamwita mwenye kiwanda au polisi.

"Atatufukuza?" mmoja aliuliza.

"Huenda," Shangazi alijibu.

Mpiga pasi aliketi sakafuni, palepale mbele ya meza. Shangazi akaketi kando yake akiguna kwa magoti. Kisha wale wengine, mmoja baada ya mwingine, wakaketi wakijibana ukutani hadi mlango haukufungika.

Nje mashine zilinguruma, zikiwa na mtu mmoja tu. Karatasi ilibaki mezani, haina jina.