Sauti Iliyozungukia Ng'ambo

Walimbandika jina la Makutano kwa kumkejeli, naye akalivaa kama koti. Kila kampuni za mtandao zilipofanya kikao, alisimama kusema lile lile: tujenge chumba kimoja, kila kampuni ilete waya wake, tukutane humo. Maana ilikuwa aibu. Mtu wa kampuni hii akimtumia jirani yake wa kampuni ile ujumbe, ujumbe ulifunga safari mpaka ng'ambo, ukageuzwa huko na wenye mali, ndipo urudi kuingia nyumba ya pili. Na nauli tulilipa sisi. Wakubwa walitikisa vichwa, wakanywa chai, wakala kona. Hatujawasahau.

Hayo ya nchi aliyasema vikaoni. La kwake alilinyamazia, nalo lilikuwa binti yake.

Tangu Makutano aachane na mkewe, binti aliishi na mama yake ng'ambo ya mto, mji mmoja na baba. Nyumba ile Makutano alikuwa hakanyagi. Baba na binti wakabakiwa na simu ya Ijumaa, kwa programu ya mtandao aliyowawekea mwenyewe. Yeye alitumia kampuni ndogo, binti Kampuni Kubwa, kwa hiyo sauti zao zilizunguka dunia kabla ya kuvuka mto.

"Baba, vipi hu..."

"Mwanangu, umesha..."

Sauti zikagongana.

"Haya, sema wewe."

"Hapana, sema wewe, baba."

Wakaanza tena pamoja, wakagongana tena, mpaka mmoja akachoka. "Mtandao unasumbua, baba. Tutaongea."

"Vumilia. Karibu nitawaleta hawa watu chumba kimoja."

Jibu nalo likazunguka dunia, ndipo likafika: "Baba, hayo uliniambia nikiwa shule ya msingi."

Makutano aliamini ni mtandao tu. Ukinyooshwa, nao watanyooka.

Chumba alikipata hatimaye: stoo ya chuo, imejaa viti vibovu. Aliviondoa mwenyewe, akaziba dirisha vumbi lisiingie, akafunga feni, kabati la chuma na swichi ya mtumba, kile kisanduku cha kuunganisha nyaya za kampuni. Kampuni ndogo zikaja moja moja. Kubwa ilikuja mwisho, siku ya waziri kukata utepe. Mhandisi wake, ambaye wote walimwita Shemeji kwa utani, maana aliwahi kumposa dada yake Makutano akakataliwa, alichomeka waya. Taa ikawaka kijani. Picha zikapigwa.

Wageni walipoondoka, Makutano alitazama kioo cha kompyuta. Mistari ya kampuni ndogo, kila mmoja ukipima ujumbe unaopita, ilipanda na kushuka. Wa Kampuni Kubwa ulikuwa umelala chali. Akampigia.

"Shemeji, umenichomekea waya mfu!"

"Waya mzima huo. Njia ndiyo sijafungua. Bosi anasema tukifungua, hawa wadogo watatupanda mgongoni."

"Na picha mlizopiga?"

"Picha nzuri, si umeziona? Mimi nina watoto, shemeji. Niache."

Ndivyo walivyo. Wanajenga mlango, wanautia zege, halafu wanaalika waziri aje kushika kitasa.

Miezi ikapita. Makutano alikuja kila asubuhi, akafuta vumbi, akaketi na feni. Wenzake wachache waliomuunga mkono vikaoni walishapata kazi nyingine, wengine huko huko Kampuni Kubwa. Hakuna aliyebisha hodi.

Kisha waya wa baharini ukakatika. Asubuhi moja ng'ambo ikazimika, na wateja wa Kampuni Kubwa wakakosa hata kumsalimu mtu wa mtaa wa pili aliye kampuni nyingine. Shemeji akapiga simu akihema.

"Nafungua! Bosi mwenyewe ameagiza. Juzi aliogopa kupandwa mgongoni, leo anatafuta wa kumbeba!"

Mstari uliolala ukainuka. Makutano akapiga kelele za furaha, kisha akatazama huku na huku. Chumbani alikuwa yeye na feni.

Haikuwa Ijumaa. Alimpigia binti hivyo hivyo.

"Baba?"

Sauti iliingia papo hapo, karibu, na pumzi zake. Alisikia hata kijiko kikigonga kikombe.

"Unanisikia, mwanangu?"

"Nakusikia kama uko hapa jikoni."

"Wamefungua."

"Hongera, baba."

"Ahsante."

Akangoja sauti zigongane. Hazikugongana. Kila mmoja alimpisha mwenzake, na nafasi ikabaki wazi. Alitafuta la kuuliza. Kazi yake? Aliwahi kuambiwa, neno likakatikia njiani, naye hakuuliza tena. Alipomuwazia, alimwona bado na sare ya shule.

"Hiyo ni feni?" binti aliuliza.

"Feni."

"Ina kelele."

"Ina kelele, ndiyo."

Kijiko kilizunguka kikombeni, kikasimama. Makutano alimsikia akivuta pumzi, kama mgeni anayetaka kuaga asijue aanzie wapi. Akamsaidia.

"Mtandao unasumbua, mwanangu. Tutaongea."

"Sawa, baba," akajibu binti, kila silabi safi.

Kwenye kioo, mstari wa Kampuni Kubwa ulizidi kupanda. Mji mzima ulikuwa unaongea.