Bunduki Ndani ya Oveni

Siku chache kabla ya msimu wa kuwinda, Verlin Haskett aliamua kuipaka bunduki yake rangi ya kuificha machoni mwa wanyama, gerejini nyumbani kwake Montana, Marekani. Aliifungua vipande vipande, akaifuta mafuta yote, akapulizia rangi ya udongo. Juu yake akalaza mabua ya nyasi na kupulizia rangi ya kijani. Alipoyaondoa, umbo la nyasi lilibaki kwenye chuma, likapendeza kweli.

Rangi ile haishiki sawasawa bila joto, kwa hiyo akaupeleka mtutu jikoni, akauweka ndani ya oveni. Mkewe Lorna asingekubali kamwe. "Humu naoka mikate, sioki silaha!" angemfokea. Lakini Lorna walikuwa wamemzika mwezi Machi. Harufu kali ilijaa nyumba nzima, na Verlin akajikuta amesimama kama mtu anayengoja kufokewa.

Akampigia simu rafiki yake Gus, ambaye alikuwa akiwinda naye tangu ujana.

"Sasa hata kulungu akiikanyaga hataiona," alijigamba. "Twende Jumamosi?"

"Magoti yamegoma, mzee mwenzangu. Halafu kulungu wanakimbia sura yako, si bunduki. Jipake na wewe!"

Wakacheka sana.

"Basi njoo tu uione."

"Nitakuja siku moja," alisema Gus.

Jumamosi Verlin alikwenda peke yake. Kulungu dume alitokea karibu kabisa, asimwone. Verlin alimlenga, kisha akaishusha bunduki. Nyama yote ile angeila na nani?