Binti wa Kwenye Roketi

Enzi mzee alipokuwa mchoma mikate, vitabu vikuukuu vilifika kiwandani kwa kilo, vichanwe kufungia mikate. Vya roketi alivinusuru vyote. Akavileta nyumbani vinanuka hamira, na jioni akawa anamsomea bintiye: mijusi mikubwa kama maghala, bahari zinazochemka, na yule binti jasiri aliyenyakua usukani wa roketi huku wanaume wazima wakitapika pembeni. Alisoma kwa mwili mzima. Roketi ikikata kona, na kiti kilikata kona. Majirani wakambatiza Mzee Roketi.

Bintiye alimeza hadithi bila kutafuna. Alipokua akaenda kuomba chuo cha urubani, na walipomuuliza nani kamtia hamu hiyo, akamtaja nahodha wake wa angani, yule binti wa usukani. Walicheka mpaka mmoja akavua miwani kufuta machozi. Sasa ni fundi wa lifti. Hupanda na kushuka shimo lile lile, na wapangaji wakimtania, huwaambia mbinguni ameshafika mara nyingi, ila mlango ulikwama.

Siku hizi macho ya mzee yamezima.

"Mama," alimwambia bintiye, "nisomee kile cha sayari ya moto. Nataka kusikia pale anaponyakua usukani."

Akakifungua. Hakuwahi kukisoma mwenyewe. Ya nini, na baba alikuwa anakisoma vizuri vile?

Ubaya wa vitabu hivyo ni utamu wake. Ukurasa wa kwanza roketi inaungua, wa pili mafuta yamekwisha, naye fundi mzima, anayejua hakuna mtambo unaopona kwa kupigwa ngumi, akajikuta anameza mate na kufunua upesi upesi. Akamtafuta nahodha wake. Nahodha alikuwa mwanamume, kidevu kama tofali. Binti alikuwemo, ndiyo. Alipiga yowe. Akazimia. Akazinduka, akachemsha kahawa, akapiga yowe tena.

Usukani hata hakuugusa.

"Mbona kimya? Umefika pale?"

"Nimefika."

"Basi mpe sauti! Usinisomee kama unatangaza msiba."

Angeweza kumpa sauti, na usukani pia. Ni kufungua mdomo tu. Alimtazama mzee: mikono tayari iko hewani, imekamata usukani, kama zamani. Akaikumbuka ile miwani ya chuoni.

"'Binti akapiga yowe,'" akasoma, "'akaangukia kifuani pa nahodha.'"

Mikono ikabaki hewani.

"Umeruka ukurasa."

"Sijaruka, baba."

"Soma tena."

Akasoma tena, neno kwa neno, polepole, kama mtu anayekaza skrubu. Mzee akashusha mikono mapajani.

"Mimi sikukusomea hivyo," akasema. "Nilikuwa natoka kwenye tanuri, shati limeniganda mgongoni, usingizi unaniua. Lakini sikukusomea hivyo."

"Ndiyo maana walinicheka."

"Walicheka kwa sababu ni wajinga."

"Wao walisoma kilichoandikwa."

Mzee akanyoosha mkono, akaupapasa ukurasa.

"Nikifunge?" binti akauliza.

"Kimalize. Tujue kama walitua."

Na hilo ndilo lililomchoma binti zaidi: hata yeye alitaka kujua. Akafunua. Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na yowe lingine, akalisoma.