Chakula cha Mchana Miguuni pa Sanamu

Basi la kanisa lilipoegeshwa kando ya uwanja, Thaddeus Gaskins hakuteremka na wenzake. Alibaki kitini, mkono mfukoni, akiipapasa sarafu ya marehemu mkewe kama mtu anayehakikisha kisu chake bado kipo.

Alikuwa amekuja Washington kuizika.

Arnetta aliinunua mwaka uleule ilipotoka, siku hizo mumewe akiwa bado na magoti, akimwaga lami kwenye barabara za Petersburg. Ilikuwa dola ya fedha, nzito, nyeupe kama mbalamwezi. Upande mmoja una uso wa Attucks, yule mweusi aliyeangushwa kwa risasi kule Boston kabla vita vya uhuru havijaitwa vita. Upande wa pili imesimama familia ya weusi, bega kwa bega. Babu wa mababu wa Arnetta alikuwa mmoja wa askari wa vita vile, aliyebeba bunduki kuitetea nchi ambayo ilikuwa bado haijaamua kama yeye ni mtu. Wakubwa wa serikali wakasema: nunueni sarafu, sehemu ya bei itasaidia kusimamisha sanamu ya watu hao mjini Washington, kwenye uwanja ule wa majani wenye minara ya mashujaa. Na familia ile ya upande wa pili wa sarafu ndiyo itakayokuwa sanamu yenyewe.

"Tadi," Arnetta alisema siku ile, "wakishaisimamisha nitakaanga kuku, nitaoka keki, niende nikale chakula cha mchana miguuni pa watu wangu. Baada ya hapo hata nikifa, poa."

Kila mara kanisa lilipopanga safari ya siku ya kuwakumbuka askari, aliuliza kama sanamu imejengwa. Haijajengwa. "Basi mwakani," alijibu, akakunja kitambaa chake cha kutandika akakirudisha kabatini. Wakubwa hawakosi sababu. Mara michango haikutosha, mara muda wa kibali umekwisha. Wakitaka kumsimamisha jenerali wao juu ya farasi, mawe hupatikana, shaba hupatikana, na farasi pia. Arnetta alikufa mwezi wa pili na neno lake la mwakani mdomoni. Gaskins hakuwa amewasamehe, wala hakuwa na mpango huo. Waliahidi sanamu hapa. Basi hapa ndipo atakapoifukia ahadi yao, amalizane nayo.

"Ndugu Gaskins!" Ilikuwa sauti ya Vernell Pettaway, shoga wa Arnetta tangu utotoni, mwenye kofia ya zambarau pana kama ungo. "Unangoja tukushushe kwa winchi?"

"Tangulieni. Nyie ndio wenye njaa."

"Na hicho unachokibembeleza mfukoni ni nini?"

"Changu."

"Haya, chako. Ila kuku ni wangu, na kuku wangu hamngoji mtu."

Aliteremka polepole. Kwenye kikapu cha Vernell alichomoa kijiko kikubwa cha saladi, akaondoka kama anayekwenda kunyoosha miguu. Wenzake walikuwa wakibishana kuhusu kivuli. Mbele yake palikuwa na majani matupu, na mbali, ng'ambo ya majani hayo, mnara mweupe wa rais wa kwanza, yule aliyepigania uhuru huku akimiliki watu. Mnara ulikuwa mrefu hata shingo ilimuuma kuutazama. Hapa walikoahidiwa watu wa Arnetta hapakuwa na kitu. Hata kigingi.

"Mnaona aibu hata kidogo?" aliwauliza wakubwa, ambao hawakuwepo.

Akapiga magoti, nayo magoti yakalalamika. Ardhi ilikuwa ngumu. Alichokonoa mpaka ukapatikana mpasuko mwembamba, akaisimamisha sarafu humo kwa ukingo wake, familia ikimtazama. Akaweka kidole gumba juu yake, tayari kuididimiza. Hapo goti la kulia likamsaliti. Alianguka kifudifudi, puu! Shavu likatua majanini.

Alifumbua jicho moja atukane. 

Mbele yake walisimama watu. Walikuwa wakubwa kuliko nyumba. Jua lilitokea nyuma yake likawapiga usoni, wakawaka, mashavu yao, mabega yao, mikunjo ya nguo zao. Majani yaliyowazunguka yalikuwa msitu. Na kule nyuma yao, mbali, ule mnara mweupe ulichungulia kama mtoto aliyechelewa ibada. Haukuwafika kiunoni.

 Miaka yote Gaskins alikuwa ameiona sarafu ile ikiwa mkononi, kwa juu, jinsi mtu anavyotazama kitu chake. Hakuwahi kuwatazama kutoka chini. Sasa walikuwa wanamtazama wao.

"Yesu wangu! Dikoni, njoo, mtu kaanguka!" Vernell alikuja mbio, kofia mkononi. "Thaddeus! Ni kiharusi? Inua mkono!"

"Usinishike. Lala chini."

"Nini?"

"Lala, Vernell. Shavu kwenye majani, ufumbe jicho moja."

"Nilale na wewe hapa, mchana kweupe? Na mkeo alikuwa rafiki yangu?"

"Lala, mwanamke!"

Labda ilikuwa sauti yake, kwani haikuwa na uchungu ndani yake, na Vernell alikuwa hajaisikia hivyo muda mrefu. Alilala. Akafumba jicho moja.

"Arnetta," alinong'ona hatimaye. "Arnetta, shoga yangu, wamesimama."

Dikoni Boykin alifika akihema, akaulizwa kama ana macho, naye akalala na suti yake. Kisha wengine, mmoja mmoja, akina mama wa kwaya na magauni yao meupe, wakipokezana nafasi na kusaidiana viuno. Aliyelala akicheka aliinuka akimvuta mwingine alale.

Askari wa bustani, msichana mweusi mwenye kofia ya ukingo mpana, alikuja upesi. "Wazee wangu, kuna usalama? Babu, hapa hairuhusiwi kuchimba."

"Mlikataa kujenga, sasa hata kuchimba mnakataa?"

"Mimi sikukataa kitu, babu. Mimi kazi yangu kuwafukuza watu wanaoingia kwenye bwawa lile kule."

"Basi lala uone."

Msichana alitazama kushoto na kulia, akavua kofia, akalala. 

"Kuchimba hairuhusiwi," alisema taratibu, shavu bado chini. "Kula inaruhusiwa."

Vernell alikuwa keshakwenda kwenye kikapu. Gaskins alikijua kitambaa alichokitoa, kile cha kutandika cha Arnetta. Arnetta alimwachia Vernell, hakumwachia yeye, na sasa alielewa kwa nini: Vernell angekitandika, yeye angekizika. Kikatandikwa mbele ya sarafu. Wakala kuku, mayai ya kujazwa, keki, wote wakiwa wamejilaza kwa viwiko, vichwa chini, mbele ya watu wa Arnetta. Gaskins alikula vipande viwili vya keki, cha pili si chake, cha Arnetta.

Muda wa kuondoka ulipofika aliichomoa sarafu, akalishindilia tundu kwa kisigino. Udongo uliobaki ukingoni mwa sarafu hakuufuta.

"Bado sijawasamehe," alisema.

"Nani kakwambia usamehe?" Vernell alimtwika kikapu. "Mwakani beba kijiko chako mwenyewe."