Taa Moja ya Kijani

Saa mbili kasoro dakika chache asubuhi, mshona viatu alikuwa amechuchumaa mbele ya chaja kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Karatasi ya maelezo ilidai saa saba mfululizo, tena betri chovu isichanganywe na nzima. Tangazo la mwenye nyumba liliruhusu soketi kwa muda wa saa mbili tu kila asubuhi, kumi na mbili hadi mbili. Waandishi wa karatasi hizo mbili, yaelekea, hawakuwahi kukutana.

Betri zilikuwa nne, jozi moja ina alama ya uzi mwekundu, nyingine mweusi. Jozi moja ikichajiwa, nyingine hukaa ndani ya kengele kibandani kwake, chini ya ngazi. Juu, chumbani, mkewe alilala na kitufe cha kengele hiyo mkononi. Kiharusi kilichukua ulimi, kikamwachia macho na gumba la kulia. Mlio mmoja ni maji, miwili ni haja. Mitatu ni utani wao: njoo tu nikuone.

"Mzee, nazima," alisema msimamizi wa nyumba, mkono uko kwenye swichi kuu.

"Nusu saa tu, ndugu yangu. Moja bado nyekundu."

"Nikikupa wewe, hata wa pasi atataka. Sheria ni msumeno."

"Msumeno hukata mbele na nyuma. Huu wenu mbona una meno upande wetu tu?"

"Kamwambie mwenye nyumba." Akazima.

Betri moja ilikuwa imefika kijani. Ya pili, wapi. Lakini mshona viatu hatupi kipande. Maisha yake yote alitia soli mpya kwenye viatu vikuukuu, na watu wakatembea. Akaitwaa ile nzima, akaioanisha na moja ya jana, uzi mwekundu kando ya mweusi. Akaijaribu kengele. Ikalia. Akaridhika.

Kabla ya saa nne, ile chovu ilikuwa imemburuta mwenzake kaburini. Naye akagonga misumari hadi adhuhuri, akishukuru kwamba leo mgonjwa kapata usingizi.

Alipopanda chumbani, harufu ilimpokea mlangoni. Shuka lilikuwa limelowa, na kingo zake zimeshaanza kukauka. Gumba lilikuwa limevimba. Macho ya mkewe yalikuwa mlangoni, na hayakuonekana kuwa yametoka hapo tangu asubuhi.

"Mama watoto, sikusikia. Haki ya Mungu, sikusikia."

Akamwosha, akambadilisha nguo, akamnywesha maji. Akashuka kuazima betri za redio ya jirani, akazitia kwenye kengele, akapanda tena na kumwekea kitufe kiganjani. Kiganja hakikufumba. Kitufe kikaanguka. Akakirudisha, kikaanguka tena. Mkewe akageuza macho ukutani.

Basi akakibonyeza mwenyewe, mara tatu. Chini, kibandani pasipo mtu, kengele ikaitika mara tatu, sauti safi kabisa.

"Mzee!" msimamizi akapaza sauti kutoka uani. "Na hiyo kengele umeichomeka wapi?"