Ruzuku ya Kusubiri

Kila siku ya kazi, kabla jua halijaanza kuuma, Mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa usafirishaji aliegesha gari lake kando ya barabara ya vumbi, akashusha chupa ya chai na mkate uliofungwa kwenye kitambaa, akaenda kumsalimu mama yake. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha basi, mtoto mgongoni. Mkurugenzi alikuwa na mvi, na miwani ya kusomea ilining'inia kifuani kwake. Mama yake alikuwa na miaka thelathini na kitu, na nywele zake zilikuwa nyeusi tii.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Dada. Umeamkaje?"

Alimwita Dada tangu alipojifungua mtoto wa pili, kama watoto wa kwanza wa kike wanavyoitwa mdogo wao akishazaliwa. Huyo mdogo walimwita Kitinda. Alikuwa na mwaka mmoja na ushei, na alikuwa na homa. Mkurugenzi aliweka kiganja chake shingoni mwa mtoto. Homa ilikuwa ile ile. Haikuwa imepanda wala kushuka tangu yeye mwenyewe alipokuwa shule ya msingi.

Vijana waliopita wakienda kazini walimwamkia Mkurugenzi kwa heshima zote, na mama yake wakamtupia "mambo" kama rika lao. Mama alishazoea. Aliitikia "poa" bila kinyongo, akarudi kuangalia barabara.

Mambo yalianza hivi. Miaka ile serikali ilichora njia ya basi kupita mtaa ule hadi hospitali. Wakaja mafundi wakasimika nguzo, wakapaka namba ya basi, wakajenga benchi la saruji na kulifunika kwa bati. Basi lenyewe likabaki kwenye mchoro. Lakini mtu akiona kituo hujua basi liko njiani, na mama huyu, aliyekuwa mjane, aliamka na mtoto anayeungua, akamwachia binti yake nyumba, akasema atarudi kabla ya chakula cha mchana. Hospitali ilikuwa mbali kwa mtu wa miguu mwenye mzigo mgongoni. Akaketi kwenye benchi.

Jioni shangazi yake Dada alimfuata na mkokoteni wa jirani. Walimpandisha, mtoto akiwa kifuani, wakasukuma. Walipofika kwenye kona, pale kwa mziba pancha, mkokoteni ulikuwa mwepesi, na mama alikuwa ameshakaa tena kwenye benchi akifunga kanga yake vizuri. Kesho yake walijaribu pikipiki, ikawa vile vile. Wiki iliyofuata gari la wagonjwa lilifika hadi kwenye kona na kitanda kitupu. Dereva akaomba asainiwe kwamba alikuja, akaondoka. Shangazi alikaa chini, akafikiri, akasema aliyeketi kungoja basi ataondoka na basi. Hakuna aliyembishia. Akamchukua binti akamlea.

Pale kwenye benchi muda haukumgusa mama wala mtoto. Hakuona njaa, ila alikula alicholetewa ili asimvunje moyo aliyeleta. Kwake ilikuwa asubuhi moja ndefu. Alimwona binti yake akirefuka kama mtu anavyoona kivuli kikirefuka ukutani. Binti alifanyia kazi zake za shule pale pale benchini, lakini yeye aliendelea kukua. Hakuwa akingoja basi. Alikuwa akimngoja mama yake, na muda haukuona sababu ya kumsamehe.

Alisoma uhandisi, akashika mambo ya barabara na abiria, akaajiriwa kwenye kituo cha chuo kikuu. Kituo chenyewe wakati huo kilikuwa vyumba viwili nyuma ya karakana, kikiongozwa na mzee mmoja ambaye wanafunzi walimwita Mzee Lami kwa jinsi alivyopenda kuinusa. Serikali ilipotangaza ruzuku kwa vituo vya utafiti wa usafirishaji vya vyuo vikuu, Mzee Lami alimwambia aandike kuhusu mama yake. Aliandika. Alieleza njia ilivyochorwa, watu wanavyoumia, na mwisho akapendekeza basi moja, lianze mara moja.

Wizara ilifurahi sana. Afisa wa ruzuku alikuja mwenyewe kuwapongeza. Aliwaeleza kwa upole kwamba fungu la utafiti si fungu la mabasi, na hela za huku haziruhusiwi kuvuka kwenda kule. Ila jambo la mama kukaa miaka yote ile bila kudhurika lilikuwa na manufaa makubwa kwa taifa. Ikijulikana abiria anawezaje kungoja bila kuchakaa, mipango ya mabasi inaweza kupangwa kwa utulivu zaidi. Ruzuku ikatoka. Wakafunga kipimajoto chini ya bati, kamera juu ya nguzo, na mpira wa kuhesabia magari uliolala kukatiza barabara. Magari yenyewe yalikuwa haba.

Awamu ya pili ilikuja na sharti. Basi lolote lisipite pale wakati utafiti ukiendelea, maana lingeharibu takwimu. Wakati huo Mzee Lami alikuwa ameshastaafu, na aliyepaswa kutia saini alikuwa yeye, Dada. Kabla ya hapo alikuwa amewafuata wenye mabasi mmoja mmoja, nao wakamwambia barabara ile itavunja springi na kibali cha njia hakuna. Afisa alimwambia kwamba basi litakuja katika awamu ya tatu, takwimu zikishakamilika. Nyuma yake walikuwepo wahadhiri, mafundi wa maabara na mfagizi, wote wakila kutokana na ruzuku ile. Alitia saini. Siku ile alipompelekea mama chai, alimwaga nusu.

Awamu ya tatu ilileta jengo jipya la kituo, la ghorofa, lenye vioo. Watu wa mtaani walisema kituo kinasoma kituo, na vyote viwili havina basi. Ukafika mwaka ambao mama na binti walilingana umri, wakaketi bega kwa bega kama pacha. Mwaka uliofuata binti akampita. Tangu hapo mama akiona Dada anakuja alisogea ampishe upande wenye kivuli, kama anavyopishwa mtu mzima.

Siku moja alimwuliza, "Dada, hao wenzako wanaopimapima hapa, wanatafuta nini?"

"Wanatafuta namna ya kulileta basi, Mama."

"Si wangelileta tu?"

Mkurugenzi alimfunga Kitinda kanga vizuri. Hakutaka kumdanganya mama kwa mara ya pili ndani ya asubuhi moja.

Awamu ya nne ilipopitishwa, wizara iliamua izinduliwe pale pale kwenye kituo cha basi. Wakasimika turubai, viti vya plastiki vikapangwa, na kipaza sauti kikaungwa kwenye nyaya za kamera. Wageni walikuwa wengi, na kuokoa mafuta wakaletwa wote kwa basi moja kubwa la kukodi. Katika maandalizi yote hakuna aliyekumbuka kwamba gari la kuleta wageni nalo ni basi. Dereva wake alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, aliyezoea safari za mbali. Aliwashusha wageni kwenye turubai, akatafuta pa kuegesha, akaona nguzo yenye alama ya basi. Akasimama hapo, kama sheria inavyotaka, akafungua mlango apate hewa.

Afisa alikuwa ameshashika kipaza sauti. Alikuwa akisema kwamba subira yavuta heri, na kwamba mbele yetu tunao mfano hai. Mama akainuka.

Walioishi mtaa ule walikuwa hawajawahi kumwona amesimama peke yake. Alikuwa mrefu kuliko walivyodhani. Alikaza kanga, akapiga hatua hadi mlangoni, akauliza kama mtu yeyote anavyouliza, "Dada'angu, hili linafika hospitali?"

"Linapita mlangoni pake," dereva alisema. "Panda, nitakushusha. Nitarudi kuwachukua hawa hata hawajaanza kula."

Afisa alishusha kipaza sauti. Alimsogelea Mkurugenzi, akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, "Mkurugenzi, unayajua masharti. Akipanda, hakuna awamu ya nne. Hakuna kituo."

Mkurugenzi alitazama viti vya mbele. Walikuwepo wote: mhadhiri aliyekuwa akijenga nyumba, fundi wa maabara mwenye watoto wanne, msaidizi wa Mkurugenzi aliyefunga ndoa juzi juzi, mfagizi aliyevaa nguo yake ya sikukuu. Wote walikuwa wakimwangalia yeye, na hakuna aliyemwonyesha la kufanya. Kisha akamtazama mama yake, aliyekuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi na kuuacha hapo, akingoja ruhusa ya binti yake.

"Panda, Mama," alisema, akapanda nyuma yake.

Waliketi kiti cha nyuma ya dereva. Mkurugenzi alimshika mama mkono, akaukaza. Basi likatikisika kwenye mashimo, likaikaribia kona, na mziba pancha akaacha tairi alilokuwa akiliziba, akasimama kuangalia. Basi likapinda. Mkurugenzi alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, mkono ulikuwa bado mkononi mwake, wa moto, wenye jasho, na mama alikuwa akilalamika kwamba jua la dirishani linampiga mtoto. Kitinda akaanza kulia. Kilikuwa kilio cha kawaida cha mtoto mgonjwa. Mkurugenzi, ambaye hakuwa amekisikia tangu utotoni, alilia naye hadi hospitali, na dereva akaona si adabu kugeuka.

Nesi wa mapokezi alikuwa na haraka. Aliuliza homa imeanza lini.

"Tangu jana usiku," mama alisema.

Nesi akamgeukia Mkurugenzi. "Wewe ndiye bibi wa mtoto?"

"Mimi ni dada yake."

Nesi aliandika hivyo, akawaelekeza chumba. Daktari alimpima Kitinda, akasema wamechelewa, ila si sana. Alilazwa. Homa ilishuka polepole kama maji ya mto, na mtoto akapona, isipokuwa sikio lake la kushoto, ambalo halikurudi kusikia. Wakahamia nyumbani kwa Mkurugenzi. Mama alishangaa bei za sokoni kuliko kitu kingine chochote. Majirani walidhani Mkurugenzi amepata mkwe, na aliwaacha wadhani hivyo, maana maelezo yangekuwa marefu.

Ruzuku ilisimamishwa wiki ile ile. Barua ilikuwa ya heshima. Ilisema kituo kimepoteza eneo lake la utafiti. Mfagizi alikuwa wa kwanza kuondoka, kisha fundi wa maabara. Taa za jengo la vioo zikazimwa ghorofa moja baada ya nyingine. Mkurugenzi aliwapigia simu wote, akawaomba radhi. Wengine walimpokea vizuri.

Lakini habari husafiri hata pasipo na usafiri. Mtaani ilisemwa kwamba hatimaye basi limesimama kituoni, likachukua mama na mwanawe, likawafikisha hospitali. Ilikuwa kweli tupu. Ndipo asubuhi moja, mwanamke mmoja mjamzito, aliyekuwa ameanza kusikia uchungu, alibeba mkoba wake wa nguo za mtoto, akatembea taratibu, akaketi kwenye benchi. Mume wake alirudi na teksi mchana. Kwenye kona, kwa mziba pancha, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Wizara ilipopata habari ilituma watu siku iliyofuata. Uchungu ulikuwa umeanza, haukuwa umeendelea, wala haukuwa umekoma. Afisa alisema haijapata kutokea nafasi kama hii. Ruzuku ikarudishwa, kubwa kuliko ya mwanzo, na safari hii hawakutegemea saini peke yake: walijenga kizuizi cha chuma mwanzo wa barabara, wakaandika kwa rangi nyekundu kwamba utafiti unaendelea na mabasi hayaruhusiwi. Mkurugenzi alipoletewa masharti alikataa kuyatia saini. Aliandika tena, kama alivyoandika alipokuwa kijana, kwamba panatakiwa basi moja, lianze mara moja. Wakamshukuru kwa mchango wake, wakampa cheti cha kustaafu. Msaidizi wake alitia saini. Alikuja nyumbani kwake kumweleza mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema mke wake ana mimba. Mkurugenzi alimwandalia chai. Fundi wa maabara na mfagizi wakarudishwa kazini.

Jumapili moja mama aliomba wapelekwe kituoni. Walitembea kutoka kwenye kizuizi, mama mbele, Kitinda akikokotwa mkono kwa hatua zake mpya, Dada nyuma na fimbo. Mjamzito alikuwa ameketi katikati ya benchi, mkono mmoja kiunoni. Mama alimwonyesha ukingo ambao bati linavuja, na nguzo inayofaa kuegemea mgongo ukiuma. Akamwambia chakula akiletewa ale, hata asipokihitaji, kwa ajili ya wanaoleta. Mjamzito alisikiliza kwa makini, kama mtu anayefundishwa kazi.

"Na wewe dada," akauliza, "ulingoja sana?"

Mama alifikiri. Alitaka kusema ukweli.

"Mimi sikungoja sana," alisema. "Asubuhi tu. Aliyengoja ni huyu mwanangu."

Mjamzito alimtazama yule mwenye mvi na fimbo. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, kimya kimya, umri wa mtoto wake mkubwa aliyemwacha nyumbani.